Mkate wa mayai wenye jivu

Desemba iliyopita nilirudi Mombasa na wanangu wawili, baada ya miaka 4 bila kukanyaga Kibokoni. Wa kike ana miaka 9, mdogo wake ana 5, wote wamezaliwa Toronto. Kiswahili wanakisikia, kukijibu ndiyo kazi. Nasema kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiingereza, na maisha yanaendelea.

Siku ya tatu mamangu aliwaona wameishiwa na michezo, wamelala sakafuni kwa joto. "Haya, ndooni tupike mkate wa mayai." Mkubwa akaingia jikoni, akatazama huku na huku, akaniuliza oveni iko wapi. Nikamwonyesha jiko la makaa uani. Alidhani namtania. Gesi ipo, lakini kwa mkate huu Mama hataki kuisikia.

Wenyewe hauna mambo mengi: mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja, iliki ya kutwanga tuliyonunua Marikiti asubuhi ile, na samli ya kupaka sufuria. Hamira hakuna. Kinachouinua ni hewa inayoingia kwenye mayai unapoyapiga, kwa hivyo kazi yote iko mkononi. Kule Toronto nayatoa mayai kwenye friji yakiwa baridi, nayatia mashine dakika chache, halafu nashangaa mkate umelala kama chapati. Mama hapigi yai la baridi. Na mashine anayo, aliletewa zawadi kutoka Dubai. Iko juu ya kabati, ndani ya boksi lake mpaka leo.

Watoto wakapokezana mchapo, kila mmoja mipigo 50. Piga, piga, usisimame! Yale mayai yakaacha umanjano wake, yakawa meupe-meupe, mazito, ukiinua mchapo yanashuka kama utepe na utepe unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo unga unachungwa na kuchanganywa kwa mwiko, polepole, kutoka chini kuja juu. Ukikoroga kwa pupa hewa yote imekwenda, na mikono ya watoto imeuma bure.

Sufuria ikawekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa sinia, na juu ya sinia Mama akapanga makaa mengi. Moto wa juu uushinde wa chini, la sivyo mkate unaungua chini na juu bado mbichi.

Na hapo ndipo mimi, mtu mzima, nilipoharibu. Nilitaka picha. Nikainua sinia kwa koleo, likainama, jivu likamwagika juu ya mkate ambao ndiyo kwanza unapanda. Mama hakusema neno. Aliniangalia vile vile alivyoniangalia nilipokuwa na miaka 10 nikivunja gilasi za wageni. Aliyesema ni yule mdogo: "Mama, funika! Funika!"

Sikumbuki siku aliyowahi kuniamuru kwa Kiswahili. Neno hilo alilipata pale pale uani, pamoja na piga, chunga, mimina na ngoja. Na mimi miaka yote namkimbiza na "sema shikamoo".

Mkate ulizama kidogo katikati. Mama akaukwangua jivu kwa kisu, akasema jivu la makaa halijaua mtu, tukaula na chai ya tangawizi. Vipande vya pembeni, vile vilivyokauka vizuri, watoto walivigombania.

Jumamosi iliyopita tumeupika tena hapa Toronto, oveni nyuzi 180, nje theluji, mayai yamelala mezani tangu asubuhi. Saa nane mchana kwetu ni saa nne usiku Mombasa. Mama alikuwa kitandani lakini simu aliipokea. Mdogo akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa mkate.

"Nyanya, yetu hakuna jivu."

"Mamako hakufunua?"

"Hapana. Mimi nimesema ngoja."