Soma namba ya chasisi kwanza: nilivyopata minibasi ya katkat Lubumbashi

Toyota HiAce si kitu cha kutafuta Lubumbashi. Zinapeleka watu mitaa ya Kenya na Katuba na mji wa Kipushi tangu alfajiri. Lakini inama chini ya bampa uangalie kama kuna difu ya mbele, kikasha cha meno kinachopeleka nguvu kwa magurudumu: karibu zote hazina. Mimi nilitaka minibasi ya katkat, yaani inayoendeshwa na magurudumu yote manne, iliyotoka hivyo kiwandani, ya kuleta samaki kutoka Kasenga hata Januari na Februari, miezi ambayo udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kuitafuta kulinisumbua kuliko kuilipia.

Uhaba wake si wa bahati mbaya. Magari ya hapa yanaingia kwa njia mbili kubwa. Ya kusini inaleta gari za Afrika Kusini, ambako HiAce hii inaitwa Quantum, na hizo ni za kusukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ya mashariki inaleta okazyo (magari yaliyokwisha kutumika) za Japani: bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, kisha Zambia mpaka Kasumbalesa. Katkat ziko kwenye njia hii ya pili peke yake, tena chache, maana Japani walizitengeneza kwa ajili ya theluji ya Hokkaido na mikoa ya kaskazini. Mjapani wa Osaka hakuwa na sababu ya kuongeza pesa kwa difu asiyoihitaji.

Umbo la gari nalo linagoma. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele na dereva amekaa karibu juu ya magurudumu. Ukitaka difu ya mbele, transferi (kikasha kinachogawa nguvu mbele na nyuma), kardani ya pili (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) na ekseli mbili, vyote viingie palepale penye kata ya oili, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, na mitambo ya volan (usukani). Uzito unaongezeka, mafuta yanaongezeka, bei inapanda. Na mteja wa Afrika mwenye pesa ya kulipia nyongeza hiyo hanunui minibasi. Ananunua jipu, Land Cruiser HZJ78 yenye injini 1HZ ya lita 4.2 na gia za chini, za mwendo wa pole wenye nguvu. Kiwanda kimtengenezee nani?

Kwa sababu ya umbo hilo hilo nilikataa ushauri wa mafundi wa kuchukua ekseli ya mbele ya Hilux na kuichomelea chini ya HiAce. Inawezekana, ndiyo. Lakini kata ya oili inagongana na difu, pembe za volan zinaharibika, bodi inabidi kuinuliwa, na gari refu lenye mzigo juu halipendi kuinuliwa kwenye barabara yenye mteremko wa pembeni.

Kitu cha kwanza nilichomwomba kila muuzaji ni picha ya kibati cha kiwandani na ya namba iliyogongwa kwenye chasisi. Maandishi "4WD" mlangoni hayathibitishi kitu, stika inauzwa. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa aina, kistari, kisha namba ya mfululizo. Kwa HiAce zilizoanza 2004, za mazutu (dizeli) lita 3.0 ni KDH201 kwa zile za kusukuma kwa magurudumu ya nyuma tu na KDH206 kwa katkat. Za lita 2.5 ni KDH200 na KDH205. Za esansi (petroli) lita 2.7 zenye bodi pana ni TRH214 na TRH219. Kwenye kizazi cha nyuma yake, KZH100 ni ya nyuma na KZH106 ni katkat. LH172 ni ya nyuma na LH178 ni katkat. Nje ya HiAce kuna TownAce Noah: SR40 ya nyuma, SR50 katkat. Usijaribu kugeuza hizi kuwa kanuni ya tarakimu ya mwisho. Msimbo usomwe wote, maana matoleo ya soko jingine hayafuati mpango huo.

Nilichagua KDH206 kwa sababu injini yake, 1KD, ni ndugu wa ile ya Prado, na vipuri vyake havikosekani mjini.

Halafu karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya gari lililouzwa mnadani Japani. Gari lililotoka kwenye theluji limepita barabara zilizomwagiwa chumvi, kwa hiyo katkat nzuri kwa mbele huwa imeoza kwa chini. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, C ni chuma kinacholiwa. Ukiziona sehemu za chini, omba picha za mirija ya breki, za mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa, na za fremu ya chini ya mlango. Kutu ya juujuu inapigwa brashi. Lakini bisibisi ikiingia kwenye fremu, achana na gari hilo hata likiwa na kilomita chache.

Gari likishafika, pahali pa kuchunguza ni visko. KDH206 haina kitufe cha kuwasha katkat. Ndani kuna visko yenyewe, chombo kilichofungwa chenye sahani nyingi na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, mafuta yanakamata sahani na nguvu inakwenda mbele. Kikiharibika kinaharibika kwa namna mbili: kinalegea kisisaidie kitu, au kinakaza daima. Kilichokaza utakijua ukikata kona kali kwenye lami kavu. Gari linasita kama limevutwa breki, na matairi yanalia.

Nilipima hivi. Gari liwe pahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho, gia huru. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, uweke kigogo au stendi chini. Zungusha gurudumu hilo kwa mikono au kwa bomba refu juu ya spana ya nati. Visko nzima inakubali polepole, kwa ukinzani usiobadilika, kama kukoroga ugali ulioanza kushika. Gurudumu likizunguka bure, visko imekufa au kardani ya mbele imeondolewa. Likikataa kabisa, imeganda.

Kardani iliyoondolewa si jambo la ajabu. Visko ikiganda, wapo wanaofungua kardani ya mbele na kuuza gari hivyo hivyo, difu ikining'inia kama pambo. Angalia flanji ya transferi, sahani ambayo kardani inafungwa: mashimo manne ya boliti yakiwa matupu, umepata jibu. Na kwa gari lenye difu ya kati, ya tatu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kutembea bila kardani ya mbele kunapitisha nguvu yote kwenye visko na kuipika.

Kosa ninaloliogopa zaidi halionekani kwa macho. Difu ya nyuma ikifa, fundi hufunga ya HiAce ya kawaida kwa kuwa inaingia. Uwiano wa meno ukitofautiana na wa difu ya mbele, kardani mbili zinazunguka kwa mwendo tofauti kila sekunde na visko inaungua. Kuhakikisha ni kazi ya nusu saa. Fungua kardani kutoka kwenye difu, inua gurudumu moja tu la ekseli hiyo, lizungushe mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya flanji. Idadi anayoipata ndiyo uwiano. Fanya hivyo nyuma na mbele, lazima zilingane.

Matairi ni sheria ileile kwa sura nyingine. Tairi la 195/80R15 lina mzunguko wa karibu mita 2.18. Jipya likiwa na milimita 9 za mpira na kuukuu likiwa na 3, tofauti kwa kila mzunguko mmoja inafika karibu sentimita 4. Kwa kilomita 200 visko haipumziki. Kwa hiyo nanunua manne kwa pamoja, aina moja, na kila kilomita 5,000 ya mbele yanakwenda nyuma. Nachora chaki kwenye tairi na chini, nasukuma gari mzunguko mmoja, napima kwa mita. Ikizidi sentimita moja kati ya mbele na nyuma, nabadilisha. Na ukikwama njiani, usikubali gari livutwe magurudumu mawili yakiwa hewani na mengine chini.

Kuna kero moja ambayo sina dawa yake. Volan iko kulia, na mlango wa kuteleza uko kushoto, ambako Japani ndiko kwenye ukingo wa barabara. Huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango huo unafunguka katikati ya njia. Kwa samaki si neno, tunashushia nyuma. Kwa abiria, tafuta yenye milango pande zote mbili.

Tena isidhaniwe ni jipu. Haina gia za chini, na difu ya mbele inaning'inia: mfereji wa matairi ya malori ukiwa na kina kirefu, tumbo linakaa juu ya tope na magurudumu manne yanazunguka bure. Mwenye njia mbaya kupita hiyo atafute Mitsubishi Delica ya zamani, P25W au P35W, yenye transferi ya mkono na gia za chini, mradi aangalie kichwa cha injini 4D56, kwa sababu ikichemka hupasuka kati ya valvu. Kwa Kasenga, HiAce inanitosha. Kila nikirudi naosha chini kwa maji mengi na kupapasa raba nne zinazofunika maungio ya ekseli za mbele. Raba iliyochanika ikikamatwa siku hiyo ni grisi na raba mpya. Ikiachwa wiki moja na mchanga ule mwekundu, ni ekseli nzima, na ekseli hiyo inaagizwa kwa namba ya chasisi.