Dada wa chupa na makande ya mama

Hii ilikuwa 2014, nimemaliza fomu siksi nipo tu nyumbani Maji ya Chai nasubiri matokeo, na mnajua kusubiri matokeo nyumbani kulivyo, kila ukishika simu mama anauliza kuku wamekula, ng'ombe kakatiwa majani, yaani unageuka kibarua wa bure. Kwa hiyo jirani alipokuja kusema kuna dada mmoja wa chuo anatafuta mtu wa kumtembeza, mtu anayezijua njia za huku juu na visima vya watu, elfu kumi kwa siku na chakula, nilitoka mbio hata sikuuliza ni kazi gani.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba maji. Mimi niliyekuwa nakimbia kubeba maji ya mama.

Dada alikuwa anasoma masta kwenye chuo kimoja hapahapa Arusha, sikitaji jina manake mbele kuna mahali ntakilalamikia kidogo. Utafiti wake ulikuwa wa floraidi kwenye maji ya kunywa, yale madini ambayo mtoto akiyanywa kwa wingi meno yanatoka ya kahawia. Sasa kwa asiyejua, sisi watu wa hizi pande za Mlima Meru ukifika Dar ukacheka tu mara moja mtu anakwambia wewe wa Arusha, meno ya kahawia, na hapo anaanza kukuuliza kama unavuta. Mi nilisoma bweni mbali na kwetu, siku ya kupiga paspoti za mtihani mpiga picha akaniambia mbele ya foleni nzima "we funga mdomo bwana, utaniharibia picha". Foleni ikaangua kicheko. Toka siku hiyo nikicheka mkono unaenda mdomoni wenyewe, mpaka leo, hata nikiwa peke yangu naangalia simu.

Yule dada siku ya kwanza tunapanda na njia ya migombani nikasema kitu sijui gani, akacheka, mkono ukaenda mdomoni. Nikajua huyu wa kwetu. Na kweli, kazaliwa Ngarenanyuki. Alikuwa na barua ya mtendaji imepigwa mhuri vizuri kabisa lakini sikumbuki nyumba hata moja waliyoisoma, wamama walikuwa wanamwangalia meno wanasema karibu mwanangu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi, tunafika kwenye chanzo, kisima au bomba au chemchemi, tunachukua chupa ya plastiki, sio ya kioo, alinikazania sana hapo, manake floraidi ina tabia ya kushikana na kioo kwa hiyo kipimo kinadanganya. Unaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima, unajaza, unafunga, unaandika namba kwa maka pen, unaitia kwenye boksi la baridi, lile kama la wauza aiskrimu. Yeye anatumbukiza kimashine chake anasoma joto na uchumvichumvi wa maji, afu anatoa dodoso anaanza maswali. Maji ya kunywa mnatoa wapi. Mnachemsha. Mtoto mdogo ana miaka mingapi. Boksi nabeba mimi, na jua la huko likiamua kuwaka linawaka.

Njiani ndo alikuwa ananifundisha. Meru ni volkano, mawe yake na majivu yake yana floraidi, mvua inanyesha inazama chini inakaa na yale mawe, ikitokea kwenye chemchemi au ukichimba kisima imeshakuja nayo. Na haina rangi, haina harufu, haina ladha, hapo ndo penye kazi. Mto wetu umeitwa Maji ya Chai sababu ya rangi yake, na sisi wote tumekua tukiamini ile rangi ndo inayopaka meno. Kumbe wala. Unaweza ukawa na kisima maji meupee kama ya dukani na kikawa ndo kibaya kuliko mto. Akaniambia Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 1.5 kwa lita isizidi, ila Tanzania kipindi kile tulikuwa tunaruhusu mpaka 4 (baadaye ndo ikashushwa na sisi tukaja kwenye 1.5), nikamuuliza kwa hiyo mtu akinywa ya 3 kwetu mzima, akivuka mpaka mgonjwa? Akacheka. Mkono mdomoni.

Siku ya tatu tukafika nyumbani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ukae. Ila maji yangu huna haja ya kuyapima, mimi nachemsha."

Nikajua hapa kuna jambo. Mama yangu kwenye kuchemsha maji hana mchezo, toka mdogo wangu augue taifodi nyumba ile haijawahi kunywa tone ambalo halijachemka, anachemsha, anachuja na kitambaa cheupe, anatia kwenye mtungi, kikombe cha kuchotea kina kamba yake peke yake. Dada akamwambia kwa heshima kabisa, mama kuchemsha ni vizuri usiache, wadudu wa taifodi wanakufa, ila floraidi sio mdudu, ni madini, haifi. Tena ukichemsha sana mvuke unaondoka yenyewe inabaki palepale, maji yamepungua, kwa hiyo inazidi kukolea.

Mama akanyamaza kidogo. Afu akasema, "Yaani hii miaka yote nawakolezea?"

Hakuna aliyejibu. Dada akajifanya anatafuta kalamu.

Basi kwa kupoza, mama akasema hamwondoki bila kula, na siku hiyo kulikuwa na makande. Alikuwa ndo anayamalizia, na hapa nataka muone alichofanya maana amekifanya maisha yake yote mbele yangu na sikuwahi kukitazama. Akatoa kipande cha magadi kwenye kopo la kimbo, jiwe lina rangi ya kijivu na upinki kwa mbali, ananunuaga gulioni Tengeru, akalivunja na mchi, akaloweka kwenye kikombe, takataka zikatulia chini, akamimina yale maji ya juu kwenye sufuria. Povu likapanda fuuuu mpaka ukingoni, akalikoroga likashuka. Dakika chache mahindi yaliyokuwa yanakugomea menoni yakawa laini.

Dada kaacha kuandika. "Mama, hiyo magadi naweza kupata kipande?"

"Na yenyewe unapima?"

"Napima mama."

Mama akampa, ila alimpa kile kidogo kuliko vyote. Tukala makande. Dada alikula sahani mbili, hilo nalo mama alilihesabu na akalitumia baadaye kama ushahidi.

Sasa kwa sababu ya hayo maneno yote mi nikasahau kuandika namba kwenye chupa ya kwetu. Na tulivyoenda kwa babu jirani, nikasahau na ya kwake. Jioni kwenye boksi chupa mbili ziko uchi zinaniangalia, ukinishikia panga siwezi kusema ipi ya nani. Dada hakunigombeza, angenigombeza ningejisikia nafuu, alizimwaga zote mbili chini akasema kesho tunarudi. Kesho yake babu anatuona tunaingia na chupa tupu, "Mmeshamaliza ya jana? Si mngeniambia niwape dumu." Mpaka leo nikirudi likizo ananiuliza kama nina kiu.

Baada ya wiki mbili akanipigia niende maabara nikaone, nafikiri aliona tu vile nilivyokuwa nauliza sana. Nikapanda hiace. Nilitegemea mitambo mikubwa, kumbe ni kijiti kama kalamu kimeunganishwa na waya kwenye kisanduku chenye namba, anachota maji kidogo, anachanganya na dawa fulani, anazamisha kijiti, namba zinacheza weee afu zinatulia. Chupa ya babu ikapita 1.5 ila sio sana. Chupa ya kwetu, haya maji yetu matamu ya kuchujwa na kitambaa cheupe, ikapita ya babu kwa mbali. Afu akaleta maji ya magadi ya mama. Namba zikapanda zikagoma kutulia, ikabidi ayazimue, akazimua tena, akazimua tena. Akaniambia hiki sio kitu kipya, watafiti wa hapa Tanzania walishakionaga toka miaka ya tisini, kuna vijiji maji yao mazuri kabisa na watoto wana meno ya kahawia, wakatafuta weee, wakakuta ni magadi ya kwenye chakula.

Nilikaa kwenye stuli pale nikamkumbuka yule mpiga picha. Yaani nimefungishwa mdomo na makande.

Kitu kingine alichonambia ambacho ndo nilirudi nacho nyumbani, ni kwamba meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, chini ya miaka kama nane hivi, ndo hapo yanaharibika. Wewe mkubwa imeshapita, kwako cha kuogopa ni mifupa, kwa aliyekunywa maji makali miaka mingi. Na kwetu alikuwepo mtoto wa dada yangu, ana mwaka na nusu, ndo kaanza kula ugali, na anapenda makande huyo.

Nikamwambia mama. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote, nikamwambia pia kuhusu kile kituo cha serikali cha Ngurdoto, wanachofanyia utafiti wa kutoa floraidi, kuna njia ya mifupa ya ng'ombe, inachomwa kwenye tanuru bila hewa nyingi mpaka iwe mkaa mweusi, inasagwa, maji yanapitishwa humo, mifupa inaikamata floraidi. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Maji ya kunywa yapite kwenye mifupa ya buchani." Sio swali. Ukurasa ukafungwa. (Mwaka uliofuata, 2015, daktari Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru alivyoshinda ile tuzo ya uhandisi ya Afrika kutoka Uingereza kwa chujio lake la maji la mchanga na nano, yaani vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho, nikamwonyesha mama kwenye simu, akasema huyo angalau ni mchanga.)

Ila Jumamosi yake nikaona ameloweka mahindi na maharage toka usiku. Hakusema kitu. Asubuhi kayabandika bila magadi. Saa nne bado. Saa sita bado, anaongeza mkaa. Saa nane baba kaja kutoka shamba kakaa mezani kaangalia sufuria, kaangalia mama, kaondoka kwenda kunywa chai kwa jirani. Tulikula saa kumi kasoro, na maharage yalikuwa bado na kiini. Mama akanionyesha debe la mkaa. Lilikuwa la kutosha wiki nzima, limebaki nusu.

Hapa ndo lawama yangu ilipo. Dodoso la yule dada lilikuwa na kurasa sita, nilizibeba, nilizisoma, na hapakuwa na swali hata moja kuhusu mkaa. Utafiti wa mazingira, hauulizi mkaa! Magadi kwa mama sio ujinga wala mazoea tu, ni nusu debe. Mtu anayemwambia aache magadi anamwambia anunue mkaa zaidi, na mkaa unatoka kwenye miti ya mtu mwingine huko, afu huyohuyo atakuja mwingine wa chuo kumwambia asikate miti. Sijui kwa nini sisi wote, dada msomi na mimi mbeba boksi, tulikaa jikoni pale tukaona povu la magadi hatukuona jiko chini yake.

Mama alipata njia yake mwenyewe. Akamwambia baba afunge gata kwenye bati la nyuma, mvua ikashushwa kwenye simtenki la lita mia tano, maji ya mvua hayajapita kwenye mawe ya mtu, na hayo yakawa ya mjukuu tu, ukiyagusa kuoga utamsikia. Na siku ya makande zikawa sufuria mbili, ya kidogo bila magadi ya mtoto, ndogo kiasi kwamba inaivia pembeni ya jiko kwa moto wa ile kubwa, na kubwa na magadi yake kama kawaida ya sisi ambao, kwa maneno yake, "yenu yameshaharibika".

Dada alivyomaliza masta alinipigia kunishukuru, akasema anataka kuja kuwarudishia watu majibu kaya kwa kaya, atapita na nyumbani. Nikamwambia mama mgeni wako wa chupa anakuja wiki ijayo.

"Aje tu, karibu sana. Mwambie kama anataka yasiyo na magadi aje na mkaa wake."