“Je, Ni Mtaa Wako?”

“Kemikali hatari imepatikana kwenye maji ya mtaa mmoja. Je, ni mtaa wako? Usibanduke, tunarejea.” Hiki ni kionjo, dokezo ambalo taarifa ya habari ya televisheni hulirusha kabla ya mapumziko ili usihame. Sekunde kumi hivi, na zimepangwa kwa ustadi: hatari ipo, umeguswa wewe, jibu limefichwa. Jina la mtaa lingeingia humo humo. Kulifungia mpaka sabuni na benki zimalize kujitangaza ni kuchezea watu, sina neno laini zaidi.

Mchezo huu una hesabu yake. Marekani, kampuni ya Nielsen ilizoea kupima watazamaji kwa robo saa: ukitazama dakika 5 ndani ya robo hiyo, umehesabiwa. Taarifa ikianza saa 5:00 usiku, mhariri anayekuvusha 5:15 na kukushika mpaka 5:20 amejipatia robo ya pili. Kwa hiyo kionjo kikali huwekwa kabla ya mapumziko, na habari yenyewe husukumwa mwishoni, aghalabu baada ya hali ya hewa. Halafu kulikuwa na miezi ya mavuno, Februari, Mei, Julai na Novemba, ambayo vipimo vyake viliamua bei za matangazo ya vituo vya mijini. Miezi hiyo mende wa jikoni mwa hoteli waligeuka habari kubwa ghafla.

Kinachoharibu zaidi ni ratiba. Kionjo huandikwa mchana, mara nyingi na idara ya kukitangaza kituo, ripota akiwa bado nje. Jioni anarudi na sampuli moja iliyo chini ya kiwango cha hatari. Kionjo kimekwisha kurushwa mara kadhaa, na hakuna anayekiondoa. Unasubiri dakika 25 usikie “wataalamu wanasema hakuna sababu ya hofu.”

Kwenye taarifa za saa moja usiku za Kenya utakitambua kwa masikio tu: “mwanasiasa mmoja”, “bidhaa unayotumia kila siku”, ngoma nzito, na picha ileile iliyotiwa ukungu, bila tarehe wala mahali. Kikija kama swali, jibu aghalabu ni hapana. Wangekuwa na ndiyo, wangeisema.

Vionjo vyenyewe si haramu. Tuseme kisima cha mtaa fulani Nakuru kimekutwa na floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtaje mtaa, kisha: “Maji ya kisima hiki yana floridi kupita kiasi. Msiyanywe, na kuchemsha hakusaidii. Kwa nini bado yanauzwa? Baada ya mapumziko.” Kuchemsha lazima kutajwe, maana ndilo jambo la kwanza mama wa nyumbani atakalofanya, na floridi haitoki na mvuke; maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Sekunde ni zilezile, na mwenye kiu ameshajua asichote wapi.