Mnafuga Paka?

Jana binti yangu kaingia na michirizi mitatu mkononi. "Mama, kucha za paka zina sumu?" Nikajikuta nimeshika kwapa langu la kushoto.

Enzi zile za Uyole, panya wa stoo ya mahindi walikuwa hawaogopi mtu, ndiyo maana baba akaleta paka. Paka akazaa. Vitoto vilijaa viroboto, na mimi nilishinda navyo kutwa. Baadaye nikaota uvimbe kwapani, mkono haubaniki, homa za jioni juu. Mama akasema: mtoki huo, kuna kidonda mahali. Zahanati wakashuku kifua kikuu cha tezi. Siwalaumu, tezi ikivimba huku kwetu ndiko wanakoanzia. Picha ya kifua safi, kipimo cha virusi safi, uvimbe upo palepale. Tukapelekwa mjini.

Daktari wa mjini hakuanza na kwapa. Aliitikia shikamoo, akanishika kiganja, akakigeuzia dirishani, akapanda nacho polepole: kidole, kidole, kifundo. Mikono yake ilikuwa ya baridi, Juni ile ya Mbeya. Juu kidogo ya kifundo akasimama. Kipele chekundu, karibu kimekauka. Mimi nilijua ni mbu.

"Mama, mnafuga paka?"

"Tunaye, daktari."

"Ana watoto?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mahari msibani. "Anao."

Akachoma sindano kwenye uvimbe, akavuta usaha mzito, ukaenda kutafutwa vimelea vya kifua kikuu. Havikuonekana. Akatueleza kuna bakteria, Bartonella henselae, viroboto humwambukiza paka, na kinyesi chao hunasa kwenye kucha. Paka mwenyewe haonekani mgonjwa. Akikukwaruza, hutoka kipele, kisha wiki moja hadi tatu tezi ya upande huo inavimba. Kipimo cha damu cha kuthibitisha hakikuwepo, kwa hiyo kwenye cheti aliandika jina la ugonjwa na alama ya kuuliza.

Nilimeza azithromycin siku tano. Uvimbe uliondoka kwa kujivuta, miezi. Dawa ndiyo iliyouondoa? Daktari mwenyewe alisema mara nyingi huisha wenyewe.

Jirani alishauri paka wauawe. Baba akauliza mahindi atalinda nani, akanunua dawa ya viroboto. Mama hadi leo anadai ugonjwa aliugundua yeye, daktari kaongeza jina tu. Sijapata hoja ya kumpinga.