MR2 ya turbo na namba 25: nilivyoipata hewa ya wizi kabla ya kununua sensa

Gari ni Toyota MR2 SW20 yenye injini ya 3S-GTE ya kabla ya 1994, ile inayopima hewa kwa kibao kinachosukumwa ndani ya mita (AFM). Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka, injini ikipata moto inamisi, na taa ya injini inawaka.

Mashine za kupimia za siku hizi hazina pa kuchomeka hapa. Nilifungua kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini, nikaunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, nikaweka swichi ON bila kuwasha injini. Kiyoyozi kizimwe na pedali ya mafuta isiguswe. Tundu la +B liogope, lina umeme wa betri. Taa ikipepesa mfululizo bila kutulia, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Hii ilipepesa mara mbili, ikatulia sekunde moja na nusu, ikapepesa mara tano. Ni 25: hewa nyingi, mafuta kidogo.

Wengi hapa hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, na pesa huishia hapo. Niliipima kwanza. Voltimita ya mshale kati ya matundu ya VF1 na E1 ya kisanduku kilekile, injini ya moto, mizunguko 2,500 kwa dakika mbili hivi, kisha TE1 na E1 ziunganishwe. Mshale ucheze mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Ulikuwa umelala sifuri. Nilipopuliza kabureta klina kidogo (nayo huungua kama mafuta) kwenye mdomo wa chujio, mbali na turbo, ukaruka juu papo hapo. Sensa ni nzima, inasema kweli: kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye mita, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) haiwezi kuitolea mafuta. Injini zinazopima kwa sensa ya MAP, yaani ya presha ya manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), hazifanyi hivi. Kwao hewa ya wizi huongeza presha ndani ya manifodi, mafuta yanaongezwa, na dalili huwa sailensa ya juu.

Injini ikiunguruma, nilifungua kifuniko cha oili. Kwenye injini ya AFM iliyo nzima, hapo inayumba au kuzima kabisa. Hii haikujali sana, maana tayari ilikuwa inavuta hewa kwingine. (Kijiti cha kupimia oili kisichokaa vizuri nacho huleta 25, kiangalie mapema.)

Geji ya vakyumu ndiyo iliyopunguza eneo la kutafuta. Pwani natarajia inchi 18 hivi za zebaki. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ondoa inchi 5 na usiilaumu injini. Mshale ulicheza kufuata sailensa lakini haukushuka chini ya kiwango hicho, kama ambavyo tundu la upande wa manifodi lingefanya. Nikabana kwa koleo, mmoja mmoja, mpira wa haidrovaki ya breki, wa TVIS (vibao vya kufungua njia za hewa za manifodi) na wa regyuleta ya mafuta, hakuna kilichobadilika. Basi tundu liko kati ya mita na turbo.

Pale kuna mpira mnene wenye mikunjo. Ukiutazama juu ni mzima. Nilichomoa upande wa mita, nikauziba, nikaziba pia bomba la hewa ya krenkikesi ili sili za oili zisisukumwe nje, nikaingiza hewa psi 5 tu na kupaka maji ya sabuni. Hakuna povu. Mwenzangu alipoiyumbisha injini kwa mkono, povu likachemka chini, ndani ya mkunjo wa pili. Ufa ulikuwa unafunguka injini ikitikisika, kwa sababu mauntini moja (mpira unaoshikilia injini) ilikuwa imechanika. Ukibadilisha mpira ukaiacha mauntini, mpira mpya nao utapasuka.

Nilibadilisha vyote viwili na klipu zake. Nikachomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa nusu dakika kufuta namba, kisha nikarudia kipimo cha VF1: mshale ukavuka mara 8, sailensa ikakaa 800.