Ufunguo wa siri kwenye programu ya simu: anza na kikoa, kitufe baadaye

Anayetaka watumiaji wake waingie kwa ufunguo wa siri (passkey) badala ya nenosiri kwa kawaida huanza na skrini. Anachora kitufe, anaita maktaba, anabonyeza, na simu inamrudishia kosa hata kabla ya kuomba alama ya kidole. Anarudi kuchokonoa msimbo ambao hauna kasoro. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya programu yake na kikoa, yaani jina la tovuti yake, na huo hauandikwi ndani ya programu peke yake.

Ufunguo wa siri ni jozi. Ufunguo binafsi unabaki kwenye simu, au kwenye hifadhi inayousawazisha kati ya vifaa vya mtumiaji, na ufunguo wa umma unakwenda kwenye seva yako. Jozi hiyo inafungwa kwenye kikoa kimoja, ambacho kwenye msimbo kinaitwa `rpId`. Ndiyo sababu tovuti ya matapeli haiwezi kuuomba hata kama sura yake inafanana na yako. Programu ya simu, kwa upande wake, haina kikoa, kwa hiyo ni lazima kikoa chenyewe kiitambue kuwa ni yake.

Kwa hiyo amua `rpId` kabla ya jambo lingine lolote. Ni kikoa kitupu, mfano `example.com`: hakuna `https://`, hakuna namba ya mlango, hakuna mkwaju mwishoni. Chagua kikoa cha mzizi, usichague `login.example.com`. Ufunguo uliofungwa kwenye mzizi unatumika hata kwenye matawi yake, ila wa tawi haupandi kwenye mzizi. Ukibadilisha `rpId` baada ya watu kujisajili, programu haitaziona tena funguo zao za zamani, na kila mtu itabidi atengeneze upya.

Kwenye Android, weka faili `/.well-known/assetlinks.json` kwenye kikoa hicho. Ndani yake kuna jina la kifurushi cha programu, alama ya SHA-256 (muhtasari wa kipekee) ya cheti kilichoitia sahihi, na ruhusa mbili: `delegate_permission/common.handle_all_urls` na `delegate_permission/common.get_login_creds`. Faili lipatikane kwa HTTPS, lijibu 200 (yaani limepatikana) moja kwa moja bila kuelekeza kwingine, na litolewe kama `application/json`. Kosa linalopoteza siku nzima liko kwenye cheti. Google Play ikisimamia sahihi ya programu yako, cheti kinachofika kwa mtumiaji sicho kile cha kompyuta yako. Ndipo unapoona mambo yanakwenda vizuri mezani, kisha yanakufa siku ya kutoa toleo. Chukua alama ya cheti kutoka Play Console, ukurasa wa Google wa wasanidi, uiweke pamoja na ile ya majaribio. Orodha inapokea zaidi ya moja.

Alama hiyo hiyo inarudi tena upande wa seva, ikiwa imebadilika sura. Kwenye `assetlinks.json` ni baiti 32 zilizoandikwa kwa heksadesimali na kutenganishwa kwa nukta pacha, kama `14:6D:E9:…`. Kwenye jibu la simu, sehemu ya `origin` (asili ya ombi) haisomeki `https://example.com`. Inasomeka `android:apk-key-hash:` ikifuatwa na baiti zile zile 32 kwa mtindo wa base64url, njia ya kuandika baiti kwa herufi. Seva inayokubali anwani ya wavuti tu itamkataa kila mtumiaji wa Android. Ongeza thamani hiyo kwenye orodha ya asili zinazokubalika, moja kwa kila cheti.

Kwa iOS, faili ni `/.well-known/apple-app-site-association`, bila kiambishi cha `.json`. Chini ya `webcredentials` andika kitambulisho cha timu chenye herufi 10, nukta, kisha kitambulisho cha programu. Katika Xcode, zana ya Apple ya kutengeneza programu, washa Associated Domains na uweke `webcredentials:example.com`. Simu hailisomi faili kutoka kwako moja kwa moja, inalipata kupitia mtandao wa usambazaji wa Apple, kwa hiyo sahihisho la leo linaweza kuchelewa kuonekana. Wakati wa kujaribu ongeza `?mode=developer` mwishoni mwa kikoa, na uwashe ruhusa inayolingana nayo kwenye mipangilio ya wasanidi ya simu. Kosa 1004 lenye maelezo kwamba programu haihusiani na kikoa maana yake kagua faili hili, uache msimbo wako.

Seva ina kazi nyingi ila zimenyooka. Changamoto, yaani data ambayo seva inaituma ili simu iitie sahihi, iwe ya nasibu, isipungue baiti 16 (32 ni nzuri), itumike mara moja tu na iishe baada ya dakika chache. `user.id`, kitambulisho cha mtumiaji, isizidi baiti 64, nayo iwe namba ya nasibu, kamwe isiwe barua pepe. Weka `residentKey` kuwa `required`, ili ufunguo uhifadhiwe na uweze kupatikana bila jina la mtumiaji, na kwenye algorithimu za sahihi weka -7 (ES256) na -257 (RS256). Jaza `excludeCredentials`, orodha ya funguo alizonazo tayari, ili mtu asitengeneze ufunguo wa pili mahali ulipo wa kwanza. Changamoto ikikataliwa bila sababu inayoonekana, angalia usimbaji: base64 ya kawaida ina `+`, `/` na `=`, base64url inatumia `-` na `_` na haina mkia.

Usimfungie mtu akaunti kwa sababu `signCount`, kihesabu cha mara ufunguo ulivyotumika, haipandi. Funguo zinazosawazishwa kati ya vifaa mara nyingi hurudisha 0 kila mara.

Pendekeza kutengeneza ufunguo mara tu mtu anapomaliza kuingia kwa njia ya zamani, maana hapo ameshathibitisha kuwa ni yeye. Kwenye Android, `NoCredentialException` (hakuna ufunguo uliopatikana) si hitilafu ya kumwonyesha mtumiaji: mpeleke kwenye njia nyingine ya kuingia. Akifunga kidirisha mwenyewe, nyamaza, usimtolee onyo jekundu. Jaribu kwenye simu halisi yenye kufuli la skrini, kuanzia Android 9 au iOS 16. Kisha futa ufunguo kwenye mipangilio ya simu na ujaribu kuingia tena. Seva bado itakuwa na ufunguo wa umma, haijui kwamba mwenzake hayupo, na hapo ndipo utaona kama njia yako ya kurejesha akaunti inafanya kazi.