Udongo na Jina Lake la Aibu

Wapendwa katika Bwana, juma hili natafakari neno moja la Kiingereza, dirt, ambalo Wamarekani hulitumia kila siku kwa maana ya udongo, hata barabara isiyo na lami huiita kwa jina hilo. Neno hilo lililetwa na watu wa Skandinavia, walioanza kuivamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na ambao wengi wao walibaki huko wakilima. Kwao drit lilikuwa kinyesi, basi. Waingereza walilipokea na harufu yake, baadaye wakazipindua sauti zake, kama walivyomfanya ndege aliyeitwa brid awe bird, na maana ikapanuka polepole: matope, uchafu wowote, kisha udongo wenyewe.

Waebrania walipita njia nyingine. Kwao ardhi ni adama na mtu ni adam, kwa hiyo asomaye Mwanzo 2:7 kwa Kiebrania husikia mlio mmoja katika kiumbe na katika ardhi ambayo mavumbi yake yalimfinyanga. Nasi tusemapo binadamu, yaani mwana wa Adamu, tunaitaja ardhi ile ile, ingawa ni nadra kukumbuka.

Nakiri kwamba jina lile la Kiingereza lilinichukiza mwanzoni, nikaliona ni dharau kwa kazi ya Mungu. Lakini aliyewahi kubeba samadi kutoka zizini hadi shambani anajua kuwa kinyesi cha ng'ombe, kikishaoza na kuliwa na wadudu, hakibaki kinyesi. Mvua zikinyesha za kutosha, hutaweza tena kukitenga na udongo uliokipokea. Paulo anapoyahesabu mambo yake yote kuwa hasara, katika Wafilipi 3:8, Biblia yetu ya Union haioni haya kuandika "mavi", mahali ambapo wasomaji wengi kanisani hupunguza sauti. Na katika Luka 13, mwenye shamba alipoamuru ukatwe mtini ambao kwa miaka mitatu hakuuona na tunda, mtunzaji aliuombea mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutilia samadi. Hakuomba ruhusa ya kuuhamishia penye udongo safi. Aliomba kuuletea, pale pale uliposimama, kile ambacho wengine hukitupa.